Utafiti wa Tiba Unapobisha Hodi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali Kushiriki

Tuseme ni asubuhi ya msimu wa mavuno katika kijiji kimoja kati ya Haydom na Katesh. Pikipiki inasimama uani. Anashuka kijana mwenye kitambulisho shingoni, anapiga hodi, anakaribishwa na kupewa kigoda. Baada ya salamu anaeleza kwamba ametumwa na watafiti wa afya wa hapa nchini wanaofanya kazi pamoja na wenzao wa ng'ambo. Wangependa mtoto wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miezi mitatu, awe miongoni mwa watoto watakaofuatiliwa kwa mwaka mzima. Atapimwa urefu na uzito, atachukuliwa kinyesi na damu kidogo, na huenda akapewa dawa. Kisha kijana anatoa karatasi na kalamu.

Mama afanye nini? Jirani amekwisha kumnong'oneza habari za mumiani na damu inayouzwa Ulaya. Shemeji yake naye amemhimiza asikatae, kwa kuwa watakaokubali watatibiwa bure. Ushauri wa wote wawili waweza kumpotosha, kwa sababu hakuna aliyemwambia jambo la msingi: kwamba anayo haki ya kuuliza, kujibiwa kwa lugha anayoielewa, kutafakari, na kisha kusema ndiyo au hapana bila kupoteza chochote.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mama huyo, na kwa kila mwananchi wa Mbulu, Hanang na kwingineko atakayebishiwa hodi ya namna hiyo.

Kwa nini watafiti wa mbali huja Mbulu na Hanang?

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari kutoka Norwei, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Inahudumia watu wa Mbulu, Hanang na maeneo jirani ya Mkoa wa Singida. Kwa kuwa imetoa huduma bila kukoma kwa miongo mingi, na kwa kuwa wagonjwa wake wengi ni wakulima na wafugaji wa vijijini ambao maradhi yao hayaonekani sana katika hospitali za mijini, imekuwa mahali ambapo watafiti wa mataifa mbalimbali hukutana na wenzao wa Tanzania.

Mfano mmoja ni utafiti ulioitwa MAL-ED, ulioanza kuandikisha watoto mwaka 2009. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini watoto wengi hudumaa hata pale wazazi wanapojitahidi kuwalisha? Swali hilo liliulizwa kwa utaratibu mmoja katika nchi nane: Tanzania, Afrika Kusini, Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani na Peru. Kwa upande wa Tanzania, kituo kilikuwa Haydom. Wahudumu walizitembelea nyumba mara mbili kwa wiki. Uchambuzi mmoja wa vijidudu vya tumboni ulihusisha watoto 2,145 wa nchi hizo zote.

Jibu lililopatikana lisingeweza kupatikana katika kijiji kimoja pekee. Ilidhihirika kwamba watoto wengi hubeba vijidudu tumboni hata wakiwa hawaharishi, na kwamba baadhi ya vijidudu hivyo hupunguza kasi ya kukua. Kwa maneno mengine, mtoto aweza kuonekana mzima huku utumbo wake ukinyimwa faida ya chakula anachokula. Kwa kuwa jambo hilo lilionekana Haydom na pia katika mabara mengine, haikuwezekana tena kulichukulia kuwa kasoro ya malezi ya mama fulani au ya kabila fulani.

Hiyo ndiyo maana ya ushirikiano wa kimataifa. Wageni huleta fedha, mitambo na uzoefu wa kwingineko. Wenyeji huleta wataalamu wanaoijua jamii, wauguzi, maabara, na ujuzi wa Kiiraqw, Kidatooga na Kiswahili. Wananchi nao huleta kitu kisichonunulika, yaani miili yao, ya watoto wao, na muda wao. Anayeleta mtaji wa namna hiyo ni mshirika, naye hastahili kutendewa kama mtu aliyekuja kuomba. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, likiwamo rekebisho la mwaka 2024, linaeleza kwamba maslahi ya mtu anayeshiriki hutangulia maslahi ya sayansi.

Utafiti uliorudi nyumbani na faida

Mwananchi ana haki ya kuuliza: je, tafiti hizi zimetusaidia nini? Jibu linaweza kutolewa kwa mfano wa chumba cha kujifungulia.

Kuanzia mwaka 2009, wahudumu waliopewa mafunzo maalumu waliketi katika wodi ya wazazi ya Haydom wakipima kwa saa kila hatua baada ya mtoto kuzaliwa. Katika mwaka mmoja waliandika kumbukumbu za watoto 5,845. Walibaini kwamba kwa mtoto ambaye hajavuta pumzi, kila nusu dakika ya kuchelewa kumpa hewa kwa mfuko na barakoa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Tangu hapo mafunzo ya wakunga yalipata hoja yenye uzito: dakika ya kwanza haichezewi.

Kazi hiyo iliendelezwa na mradi uitwao Safer Births, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Watanzania na Wanorwei. Miongoni mwa vifaa vilivyotokana nao ni kipima mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo. Baadaye mafunzo na vifaa hivyo viliunganishwa na kupelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba linaloheshimika duniani, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania, Dkt. Benjamin Kamala. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada ya hapo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo katika karatasi. Lakini mahali wanapozaliwa watoto 10,000, ni watoto 28 wanaorudi nyumbani mgongoni mwa mama zao badala ya kuzikwa.

Utafiti uliojibu "hapana"

Si kila utafiti huleta tiba mpya, na mshiriki anapaswa kulijua hilo mapema. Baada ya MAL-ED kuonyesha madhara ya vijidudu vya tumboni, watafiti wa Haydom na wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walijiuliza: je, watoto wakipewa dawa za kuua vijidudu kwa vipindi maalumu, watakua vizuri zaidi? Na je, nikotinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B, itasaidia?

Katika miaka ya 2017 na 2018 waliandikishwa watoto 1,188. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa dawa au vitamini, na wengine walipewa kitu kilichofanana nazo kwa sura lakini kisichokuwa na dawa ndani yake. Walipofikisha miezi 18 walipimwa urefu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba makundi hayakutofautiana. Dawa hazikuongeza urefu, wala vitamini haikuongeza.

Je, jasho la akina mama wale lilipotea bure? La, hasha. Dawa za kuua vijidudu zikitolewa kiholela hujenga usugu, na siku mtoto akiugua kwelikweli dawa hukataa kufanya kazi. Jibu la "hapana" kutoka Haydom linasaidia kuzuia watoto wengine wasipewe dawa zisizowafaa, na linarudisha macho kwenye maji safi, vyoo, chakula bora na chanjo. Hata hivyo, mzazi aliyekubali kwa kutarajia kwamba mwanawe hakika angerefuka atakuwa alikubali kwa kutoelewa. Na ridhaa ya asiyeelewa si ridhaa.

Utafiti unaofika hadi jikoni

Zipo tafiti zinazomgusa mlaji moja kwa moja. Madaktari wa Haydom, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani na Austria, waliwachunguza wagonjwa wa kifafa 212 kwa picha za sitiskani za ubongo. Wagonjwa 38 walikuwa na alama zinazoashiria mabuu ya tegu wa nguruwe kichwani, na katika kundi la watu wasio na kifafa hazikuonekana kwa hata mmoja.

Mzunguko wa maradhi hayo ni huu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye mabuu na isiyoiva, hupata mnyoo wa tegu tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, na mabuu huota katika nyama yake. Binadamu naye akiyameza mayai hayo kupitia mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa vizuri, mabuu yaweza kuota katika ubongo wake na kusababisha kifafa. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe aweza kupata kifafa cha namna hiyo, iwapo anaishi na mwenye tegu asiyetumia choo wala kunawa mikono.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakiongozwa na Dkt. Helena Ngowi, waliwapima nguruwe wilayani Mbulu na kuwakuta takriban 17 kati ya kila 100 wakiwa na mabuu. Kisha wakishirikiana na wenzao wa nje walijaribu dawa isiyouzwa dukani, yaani elimu. Katika vijiji vilivyofundishwa, maambukizi mapya ya nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43 yakilinganishwa na vijiji vilivyokuwa havijafundishwa.

Mlaji achukue mafunzo haya: anunue nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri; aikatae nyama yenye vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele; aipike mpaka iive hadi ndani; afungie nguruwe bandani; atumie choo na kunawa mikono kwa sabuni. Mwenye kifafa apelekwe kliniki mapema. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake, na aangukaye jikoni aokolewe na moto kabla ya kujadili kilichomwangusha.

Utafiti si tiba

Tofauti hii ndiyo huwachanganya wengi. Tiba hutolewa kwa ajili yako. Daktari huchagua kile anachoamini kitakufaa. Utafiti hufanywa ili kujibu swali ambalo jibu lake halijajulikana, na faida yake aghalabu huwafikia watu wa baadaye. Katika jaribio la dawa, unaweza kupangwa katika kundi lisilopata dawa mpya, na hata mhudumu aliye mbele yako asijue umepangwa wapi. Huo si udanganyifu maadamu ulielezwa kabla ya kukubali. Ukijificha, ni kosa.

Nani hutoa kibali?

Mtafiti wa nje haingii kijijini kwa barua ya chuo chake pekee. Utafiti wa afya unaohusisha binadamu sharti upitiwe na kamati ya maadili. Kwa Tanzania Bara, kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Jaribio la dawa, chanjo au kifaa tiba huhitaji idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Baada ya hapo watafiti hujitambulisha mkoani, wilayani na kijijini.

Hata hivyo, mwenyekiti wa kijiji huruhusu watafiti waingie kijijini; hawezi kutoa ridhaa kwa niaba yako. Kadhalika mganga, mchungaji, padri au mzee wa ukoo anaweza kukushauri, lakini uamuzi ni wako. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye hutoa ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa naye husikilizwa.

Maswali tisa ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Utafiti huu unatafuta jibu la swali gani, na kwa nini nimechaguliwa mimi au mwanangu?

2. Nitafanyiwa nini hasa, mara ngapi, na kwa muda gani?

3. Damu kiasi gani itachukuliwa? Ombeni mwonyeshwe kwa vijiko vya chai, si kwa vipimo vya maabara.

4. Kuna hatari au maumivu gani, na nikidhurika nani atagharimia matibabu? Kama ni jaribio la dawa, ipo bima?

5. Ipo nafasi ya kupewa kisicho na dawa? Nikipangwa huko, nitakosa tiba ninayostahili kwa kawaida?

6. Damu au kinyesi kitapimwa wapi, kitahifadhiwa kwa miaka mingapi, na kinaweza kutumika kwa utafiti mwingine?

7. Nani ataona jina langu na taarifa zangu?

8. Nikijitoa katikati, itakuwaje?

9. Matokeo yatarudi lini kijijini, kwa njia gani, na dawa ikifaa tutaipata?

Mtafiti mwadilifu hatakereka kwa maswali haya, kwani mengi ya majibu yake yanapaswa kuwamo katika fomu ya ridhaa. Fomu iwe kwa Kiswahili. Asiyekijua vizuri aelezwe kwa lugha yake ya nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, kisha aweke dole gumba iwapo amekubali. Baki na nakala yako, na uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Huna sababu ya kujibu siku hiyo hiyo. Kauli ya "nitazungumza na wenzangu nyumbani, uje kesho kutwa" ni jibu halali.

Damu yako, kinyesi chako, taarifa zako

Uvumi wa mumiani hustawi pale maelezo yanapokosekana. Ukweli ni kwamba sampuli za utafiti huweza kupelekwa nje ya nchi, lakini kwa mkataba wa uhamishaji unaoidhinishwa nchini, unaoeleza ni sampuli zipi, zinakwenda kupimwa nini, na mwisho wake ni upi. Uliza kama mkataba huo upo. Uliza pia kama kipimo hicho kingeweza kufanyika hapa nchini; swali hilo likiulizwa na wengi huchochea kujengwa kwa maabara zetu.

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inaweka masharti hata kwa taarifa zinazosafirishwa nje ya mipaka. Kwa kawaida jina lako huondolewa na kuwekwa namba. Picha ya mwanao haipaswi kutumiwa katika matangazo bila ridhaa nyingine mahsusi.

Fedha na zawadi

Mshiriki anaweza kurudishiwa nauli na kufidiwa muda aliopoteza. Malipo hayo hayapaswi kuwa makubwa kiasi cha kumshawishi mtu kukubali hatari ambayo vinginevyo angeikataa. Kwa upande mwingine, mshiriki hapaswi kutozwa ada ya kuandikishwa. Atokeaye akidai fedha, au namba ya siri ya simu, ili "akuingize kwenye mradi wa wazungu", mpeleke kwa mtendaji wa kijiji.

Ukikataa, ukijitoa, au ukiona kasoro

Ukikataa, huduma zako za kawaida katika zahanati na hospitali zinabaki vilevile. Ukijitoa katikati, huhitaji kutoa sababu. Ukiona dalili mbaya baada ya dawa ya utafiti, nenda kituo cha afya mara moja ukiwa na nakala ya fomu yako, kisha umjulishe mtafiti. Malalamiko yaanzie kwa kiongozi wa utafiti au kamati ya maadili, ambao mawasiliano yao huandikwa katika fomu. Waweza pia kumwona mganga mkuu wa wilaya. Madhara ya dawa huripotiwa TMDA. Ukiukwaji wa maadili ya utafiti, NIMR. Na uvujaji wa taarifa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mshiriki naye ana wajibu: kusema ukweli kuhusu afya yake, kutoa dawa aliyopewa kwa mtoto yule yule aliyekusudiwa, na kutoa taarifa anapohama. Jibu lililojengwa juu ya taarifa za uongo humdhuru mtoto wa mwingine.

Turudi kwa yule mama na kigoda uani. Sasa anaweza kumwambia kijana: "Karibu, mwanangu. Nisomee karatasi yote polepole, nami nitakuuliza." Akikubali baada ya hapo, atakuwa ameungana na wazazi wa Bangladesh, Peru na Nepali katika kutafuta jibu linalowahusu wote. Akikataa, atampa mgeni wake maji ya kunywa na kumtakia safari njema, na kesho yake atampeleka mwanawe kliniki kama kawaida.